Ajitahidi

Barua ililetwa Jumatatu asubuhi kwenye chumba cha nguo chafu. Shemeji yangu alivua glovu moja tu, ya mkono wa kulia. Ya kushoto aliiacha, maana alikuwa bado ameshika fundo la mashuka ya upasuaji na hakutaka kuliachia.

"Nisomee, shem," akaniambia. "Miwani iko kwenye pochi."

Nikasoma. Kwa kuwa tathmini mbili mfululizo zimeonyesha kwamba mtumishi hajafikia kiwango kinachotakiwa, afike ofisi ya utumishi siku ya Alhamisi saa nne kamili, aeleze kwa nini asiondolewe kazini.

"Hiyo si yangu. Wamekosea bahasha."

Nikamwonyesha jina lake. Nikamwonyesha namba yake ya kazi. Akaitazama ile karatasi kama mtu aliyeonyeshwa picha yake akiwa usingizini.

"Lakini mimi Mwalimu kaniandikia vizuri," akasema. "Miaka yote miwili. Mama anayo ukutani."

Hapo nikaikunja barua, kwa sababu nililijua neno lililokuwa ukutani kwa mama yake, na ghafla nikajua limefanya nini.

Nieleze kwanza mahali penyewe. Kitengo cha kufulia cha hospitali yetu kina watu sita, mashine tatu za kufua, pasi moja kubwa ya mvuke, na dirisha moja lisilofunguka tangu rangi ilipomwagika kwenye bawaba zake. Mimi ni mtu wa mashine, miaka kumi na saba. Shuleni niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe, hasa kanuni za utumishi, ambazo nilizikuta zimetupwa kwenye pipa zikiwa hazijafunguliwa hata ukurasa mmoja. Ndiyo maana hospitali nzima inaniita Kifungu. Wakubwa hawanipendi. Nakumbuka mambo, na mtu anayekumbuka hafai kuwekwa karibu na wakubwa.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ndiye mchambuzi wa nguo. Kitengo kizima kinamwita Sumaku. Nguo zikishuka kutoka chumba cha upasuaji huwa zimefungwa mafundo kwa haraka, na ndani ya mafundo hayo kuna kila kitu ambacho mtu mwenye haraka husahau: makasi, vibanio, sindano, siku moja hata pete ya ndoa ya daktari. Sumaku hufungua kila fundo. Hukung'uta, hupitisha vidole pole pole kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto, na kila anachokipata hukitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Ijumaa hulipeleka kopo juu, kwa wauguzi, wakahesabu vyao.

Kwa miaka kumi na moja mashine zangu hazikugongwa na chuma ila wiki moja, ile aliyokwenda kumzika baba yake. Wiki hiyo makasi yalipasua mashuka kumi na mawili, na sindano ikamwingia mpiga pasi kiganjani. Alikaa miezi mitatu akisubiri vipimo, halali, hali, anahesabu siku. Nakumbuka tarehe. Niulize hata leo.

Sasa, fomu ya tathmini. Fomu ya kitengo chetu inapima kitu kimoja kikubwa: kilo kwa saa. Anayefungua mafundo hutoa kilo chache. Anayetupa furushi zima kwenye mashine hutoa kilo nyingi na kuitwa hodari. Fomu haina mahali pa kuandika sindano ambayo haikumchoma mtu.

Ina kurasa mbili. Ya kwanza ina maoni ya msimamizi. Hiyo unasomewa, unatia sahihi, unapewa nakala. Ya pili ina alama, na juu yake imeandikwa SIRI. Hiyo inapanda ofisini peke yake.

Msimamizi wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hajaletwa kwetu, na bado tunamwita Mwalimu. Ana mwandiko wa kupendeza, wa kulalia kulia. Mwaka juzi alimwita Sumaku kwenye kile kibanda chake cha vioo, akamsomea maoni kwa sauti ya kugawa zawadi: "Ajitahidi!" Neno moja, nukta. Akatabasamu. Mwaka jana vivyo hivyo.

Shemeji alirudi nyumbani akiruka. Haki ya Mungu, mtu wa miaka arobaini na minne akiruka! Alimsomea mama yake, ambaye wanaishi naye kwenye nyumba za watumishi, chumba kimoja na jiko la nje. Bibi akaitia nakala kwenye fremu iliyokuwa na picha ya harusi ya mtu. Tangu hapo Sumaku alianza kufika kazini alfajiri, kabla yetu sote. Alishona mashuka yaliyotoboka kwa uzi wake mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Neno moja ndilo lililomtuma.

Mimi neno hilo nalifahamu kitambo. Nilipokuwa darasa la nne, ripoti yangu ilikuja na neno hilo hilo mbele ya somo la hesabu. Mama akashangilia: "Mnaona? Ajitahidi mwanangu, anajitahidi!" Baba akaichukua, akaisoma akiwa amesimama, akafungua mkanda: "Wanasema *ajitahidi*. Yaani ajitahidi, hajitahidi huyu!" Nikapigwa kwa neno ambalo mama yangu alikuwa bado analipigia vigelegele. Wote wawili walikuwa wamesoma sawasawa. Neno hilo ni sifa na ni karipio, na karatasi haina sauti ya kukuambia ni lipi.

Nilimweleza shemeji hivyo pale pale, kati ya mafundo. Hakulia. Alivaa glovu yake ya kulia.

"Kwa hiyo Mwalimu alikosea tu," akasema. "Ofisi wameisoma vibaya. Atawaambia."

"Atawaambia?"

"Si alinitabasamia, shem?"

Ukimsikia mtu mzima akisema hivyo utatamani kuvunja kioo.

Jumanne na Jumatano alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Alifungua mafundo yote na akataka kilo pia. Hakula. Hakuimba zile nyimbo zake za kanisani anazozikosea maneno. Mpiga pasi alimtania, "Dada, punguza moto, utaniunguzia mvuke," naye akapakia furushi jingine, tukawa tunasikia mizani ikilia kila baada ya dakika chache.

Jumatano saa tisa niliingia kwenye kibanda cha vioo bila kubisha.

"Kifungu," Mwalimu akasema, "mlango una mpini na una kazi yake."

"Ulikusudia nini?"

Hakuuliza nazungumzia nini. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena ikiwa chafu vile vile.

"Funga mlango."

Nikafunga.

"Waraka unasema kila kitengo lazima kitoe mmoja wa chini," akasema. "Kila mwaka. Hata wote mkiwa malaika. Mko sita. Nimtoe nani? Mpiga pasi ana kesi ya sindano, ofisi inamwogopa. Wale vijana wa kukausha wana mjomba wao huko juu. Wewe? Wewe ungenipeleka mpaka mbinguni kwa Mola na vifungu vyako. Yeye hanung'uniki."

"Kwa hiyo kosa lake ni upole."

"Nilitafuta neno ambalo halitamuumiza! Siku nzima nililitafuta. Ningeweza kuandika *mzembe*. Ningeweza kuandika *hafai*. Nikaandika neno ambalo yeye atalichukua kwa uzuri na wao watalichukua wanavyotaka. Hiyo ni roho mbaya? Niambie, hiyo ni roho mbaya?"

"Kesho utawaambia hivyo?"

Alitazama kalenda iliyokuwa nyuma yangu. "Nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu. Kesho nitasema neno ni neno. Alama ziko ukurasa wa pili, na alama zinajieleza."

"Mwalimu, mama yake yuko kwenye nyumba ya watumishi. Kazi ikienda, nyumba inakwenda."

"Najua nyumba yenyewe!" akafoka, kisha akashusha sauti kwa sababu ya vioo. "Najua. Toka, Kifungu. Nina ripoti."

Usiku ule shemeji hakuja kula kwetu. Mke wangu alinitazama juu ya sahani, akasema, "Ukirudi kesho bila kazi ya mdogo wangu, usinieleze kifungu hata kimoja." Nikasema sawa. Ningesema nini kingine?

Alhamisi saa nne kasoro tano tulikaa kwenye benchi la korido, yeye na mimi. Alikuwa amevaa sare mpya, ile ya mikutano, na mapajani ameshika fremu. Ameing'oa ukutani na msumari wake.

Afisa utumishi alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu na meza isiyo na kitu juu yake ila faili mbili na chupa ya maji. Mwalimu alikuwa amekwisha kukaa, upande wa kiyoyozi, na hata hivyo shingo yake ilikuwa imelowa.

"Wewe umeitwa?" afisa akaniuliza.

"Kanuni ya kumi na mbili, madam, inamruhusu mtumishi kuwa na mwenzake."

"Ahaa. Wewe ndiye yule Kifungu."

"Ni jina la utani tu, madam."

"Halijakosea." Akafungua faili. "Mama, karibu. Tusizungushe maneno. Mwaka juzi alama mbili kati ya tano, mwaka jana alama mbili kati ya tano. Kilo kwa saa, chini ya wenzako wote. Na msimamizi wako ametoa maoni miaka yote miwili kwamba inabidi uongeze juhudi. Umeonywa mara mbili, na kwa sahihi yako. Una la kusema?"

"Sikuonywa, mama," Sumaku akasema. "Nilisifiwa." Akaiweka fremu juu ya meza.

Afisa aliitazama. Alisogeza kidogo ile chupa ya maji ili aisome vizuri, na kwa mara ya kwanza uso wake ukafanya kitu ambacho hakikuwa kwenye utaratibu.

"Mmeitia fremu?"

"Mama yangu ndiye aliyeitia."

Kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo nyuma ya pazia, tone, tone.

"Msimamizi," afisa akasema, "hapa umeandika nini?"

"Ajitahidi," Mwalimu akasema. Akalisoma bila rangi, kama anayeita namba.

"Una maana gani?"

"Maana yake, madam, ni… ajitahidi. Neno ni neno."

Nilikuwa nimekesha nikilizungusha neno hilo kichwani mpaka nikaona mlango wake uko wapi. Nikajikaza kisabuni.

"Madam, naomba aandike tena. Maana ile ile, kwa kitenzi kingine. Ajitahidi ina i mwishoni, na i haibadiliki ukisifu wala ukiamuru. Atumie *kufanya bidii*. Kama alimsifu, ataandika *afanya bidii*. Kama alimkaripia, ataandika *afanye bidii*. Herufi moja. A au e. Mwalimu huyu, sarufi kaifundisha miaka ishirini, haiwezi kumshinda."

"Huu si mtihani wa darasa la sita," Mwalimu akasema.

"Ni ombi dogo," afisa akasema, akasukuma karatasi tupu upande wake. Nadhani mwenyewe alikuwa ameshaingiwa na udadisi; watu wa mafaili mara chache huona jambo linalotokea.

Mwalimu alichukua kalamu. Mwandiko wake wa kulalia ukaanza: *Afany*. Hapo ukasimama.

Sijawahi kuona mkono wa mtu ukisimama vile. Wino ulianza kutanuka kwenye ncha, nukta ndogo nyeusi ikawa inakua. Upande mmoja wa nukta ile kulikuwa na miezi kumi na minne. Upande wa pili kulikuwa na chumba kimoja na jiko la nje. Alinitazama mimi, nami nikamtazama bila huruma hata chembe. Akamtazama afisa. Hakumtazama Sumaku.

"Mwalimu," Sumaku akamwita. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayemwamsha mgonjwa. "Andika lolote. Ila unitazame unapoandika. Mwaka juzi ulinitazama."

Akainua macho. Sijui aliona nini. Ninachojua ni kwamba aliandika *a*, akasukuma karatasi, akaitupa kalamu kana kwamba imemuunguza.

*Afanya bidii.*

Shemeji alitoa pumzi. Mimi nilitaka kupiga meza. Afisa hakuwa na haraka. Alichukua karatasi, akailinganisha na ukurasa wa pili, ule wa siri.

"Kwa hiyo hizi alama si za kweli."

"Waraka unataka mmoja wa chini, madam," Mwalimu akasema. Sasa alikuwa mzee kabisa. "Hata akikosekana."

"Waraka siubadilishi mimi." Akafunga faili ya Sumaku. "Mama, barua hii imefutwa. Rudi kazini." Kisha akafungua faili ya pili, ya kitengo. "Lakini nafasi ya chini ya mwaka jana haiwezi kubaki wazi. Nani?"

Tone likadondoka kwenye ndoo. Mwalimu akanyoosha kidole, si mbali sana, maana nilikuwa nimekaa karibu naye.

"Huyu," akasema.

Mnatarajia niseme nilijitolea. Sikujitolea. Nilimlaumu na ninamlaumu mpaka kesho. Afisa aliandika jina langu kwa kalamu yake nzuri, akaniuliza kama nina kifungu cha kusema, nikamwambia ninavyo vitatu na nitaviandika. Mwaka mmoja bado ninao, maana huitwa aliyekuwa wa chini mara mbili mfululizo. Huo ni ugomvi wangu, nitaupigana kwa wakati wake.

Nje, kwenye korido, nilimwambia shemeji: "Umeshinda."

Alikuwa ameikumbatia fremu, kioo kikiwa kimeelekea kifuani. "Miaka miwili, shem," akasema. "Nilikuwa nakuja giza halijaondoka." Akatembea hatua kadhaa. "Kilo huwa zinapimwa kuanzia saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Basi nitakuja saa moja na nusu."

Ijumaa alikuja saa moja na nusu. Kopo la maziwa ya unga alikuwa amelisafisha, ameliweka kifudifudi kwenye dirisha lisilofunguka. Furushi la kwanza la upasuaji likashushwa. Mpiga pasi aliacha pasi. Wale vijana wa kukausha wakaacha kukunja. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya mizani na ubao wake wa kuandikia, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ya msimamizi kupima mwenyewe.

Sumaku alilinyanyua furushi na mafundo yake yote, akaliweka juu ya mizani.

"Kumi na nne na nusu," akasema. "Andika, Mwalimu."

Mwalimu aliandika. Akaweka la pili. Akaweka la tatu. Hakugusa fundo hata moja. Kilo zilipanda kama homa. Kisha akayasogeza yote matatu mbele ya mashine yangu, akasimama pembeni, mikono imefungwa nyuma.

Mashine ni yangu. Ningeweza kufungua mafundo mwenyewe. Nasema wazi ili nisionekane mwema kuliko nilivyo: niliyaona, nikayatia ndani, nikafunga mlango. Nilikuwa na hasira na nilitaka wote wasikie.

Maji yakajaa. Tumbo la mashine likazunguka mara moja, mara mbili. Mara ya tatu likaanza.

Ngo.

Likazunguka.

Ngo. Ngo.

Mpiga pasi alikishika kiganja chake. Alikishika bila kujua, mahali pale pale pa zamani.

"Zima!" Mwalimu akapiga kelele. "Kifungu, zima hiyo!" Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe chekundu. Mashine ikalalama, ikasimama, maji yakatoka, na mlango ukafunguka juu ya mashuka mazito yaliyolowa, mafundo yamekaza maradufu kwa maji, na ndani yake mahali fulani kuna kitu.

"Sumaku," Mwalimu akasema, "mbona hukuangalia?"

"Fomu haikuuliza."

"Mtu anaweza kuumia!"

"Anaweza," shemeji akasema. Akamtazama mpiga pasi; hakuwa amekuwa mtu mwingine, alikuwa amechoka kuwa yule wa zamani bure. "Ndiyo nilichokuwa nafanya miaka kumi na moja, Mwalimu. Hicho hicho. Mtu asiumie."

Hakuna aliyesogea kwenye mlango wa mashine. Mwalimu alisubiri. Akatusubiri mmoja mmoja, wote sita, na kila mmoja wetu akamrudishia macho yake. Mwishowe akaweka ubao wake chini, juu ya sakafu yenye maji, akakunja mikono ya shati.

Sumaku akavua glovu zake, ya kulia kisha ya kushoto, akampa.

"Anza na fundo la juu," akamwambia. "Usivute. Pitisha vidole pole pole."

Akavaa. Zilimbana. Akainama, mkono wake ukaingia hadi kwenye kiwiko, akasita.

"Jitahidi, Mwalimu," shemeji yangu akasema.